Elimu ya Kiwiko

Kwenye steshenari zetu hapa Mpanda, kompyuta ya mezani ina kazi tatu: kuchapa, kuprinti, na kupiga muziki wateja wakisubiri. Mengine yaliyomo ndani yake hujulikana siku mtu akiyagusa bila kukusudia. Kiwiko kinaangukia kibodi, mtoto anapandishwa mezani mama yake atafute hela kwenye pochi, daftari la madeni linatupwa juu ya vitufe, mara mashine inafanya jambo ambalo hakuna aliyeituma. Hapo anaitwa fundi. Na fundi wetu ana dawa moja ya maradhi yote: kupiga window, yaani kuiweka Windows upya. Kompyuta nzito? Tupige window. Sauti haitoki? Window. Maus imeisha betri? Anaigeuza, anaitazama kwa huruma, anakuna kidevu, anasema hii nayo tungepiga window tu tuwe na amani.

Mashine ninayochapia mimi ilikuja na treni, mtumba kutoka Dar, ikapita Tabora, ikaingia njia ya Kaliua, ile reli ambayo Waingereza waliileta huku kwa ajili ya madini ya risasi. Ilishuka stesheni imejaa vumbi hadi kwenye matundu ya spika, lakini ndani ilikuwa na Windows 10 nzima nzima, yenye mambo mengi kuliko shida zetu. Sisi tukaipa Word na foleni ya watu.

Aliyetufungulia darasa ni mwenyekiti wa kamati ya harusi kutoka Kawajense. Alitaka kuona kadi kabla haijaprintiwa, akainama, mkono wake wa kulia ukatua kwenye kona ya chini ya kibodi. Pale kona ya kulia Alt, Ctrl na mishale ni majirani wa ukuta kwa ukuta. Ukizibana Ctrl na Alt pamoja na mshale wa chini, kwenye mashine nyingi za zamani zenye programu ya picha ya Intel, skrini nzima inasimama kichwa chini miguu juu. Bwana harusi akapinduka, bibi harusi akapinduka, na ukumbi, saa na tarehe vikafuata.

Mzee alijitoa kibodini taratibu, kama aliyekanyaga mguu wa mkwe. Foleni yote ikalaza vichwa begani. Fundi alipofika alitangaza kwamba skrini imekufa upande, ila kwa kuwa kadi ni za haraka angetufanyia ya dharura. Akaibeba ile skrini, akaipindua mezani, kitako juu, akaiegemeza kwenye rimu mbili za karatasi. Ajabu ni kwamba ilifaa. Tulichapa hadi alasiri, na mteja mmoja akauliza kwa heshima kama hizo zenye mguu juu ndizo toleo jipya na tumezipata wapi. Kisha akaja kijana wa kidato cha tatu kununua kalamu. Alitazama kidogo, akapitisha mkono juu ya kaunta, akabonyeza Ctrl, Alt na mshale wa juu, akachukua chenji yake, akaondoka. Sasa skrini ikawa imepinduka kwa sababu ya fundi peke yake.

Kitu hicho cha kugeuza skrini hakikuwekwa kwa ajili ya kututesa. Kuna watu huisimamisha skrini wima, mfano wa karatasi ya A4, ili wasome waraka mrefu bila kushuka na kupanda. Mchapaji wa risala angekitamani, kama angeambiwa.

Siku ya mtumishi wa Mlele ndiyo iliyotufundisha zaidi. Alikuja na barua ya kuomba uhamisho aende kuungana na mwenza wake Morogoro, na kwa kuwa mambo ya nyumba ni ya nyumba, alikaa karibu yangu akinisomea kwa kunong'ona. Nachapa, ananong'ona. Tulipofika aya ya tatu, binti wa duka akaweka boksi la wino juu ya kibodi, likakandamiza kitufe chenye alama ya dirisha, Ctrl na Enter kwa mkupuo. Spika, ambazo tulikuwa tumeziachia juu kwa ajili ya bongo fleva, zikakohoa. Halafu mwanamke wa Kizungu akaanza kuisoma barua ya watu.

“Yaa. Omby la yu-ha-mai-sho,” alisema, kwa utulivu wa mtangazaji wa taarifa ya habari. Kiswahili kilikuwa kimemkaa vibaya mdomoni, lakini kwa bahati mbaya alieleweka. “Ku-yu-nga-na na mwenza wa-ngu... ambaye ni-me-te-nga-na naye kwa mai-aka mai-nane.”

Foleni ya fotokopi ilinyamaza. Mtumishi akafunika skrini kwa viganja viwili, jambo ambalo halizuii sauti. Mimi nahangaika na maus, na kila nilipogusa kitu yule mama naye alikitaja, hata kitufe cha kufungia. Alipokatwa hatimaye, mama mmoja mwenye cheti cha kuzaliwa mkononi akasema kutoka nyuma, “Pole baba. Miaka minane jamani. Hao maofisa hawana hata utu?” Wengine wakaitikia. Mtumishi aliondoka na barua yake na salamu za watu wasiomjua hata jina.

Hiyo ni sauti ya kuwasomea wasioona, na vitufe vilevile vitatu vinaiwasha na kuizima. Kiswahili itakusomea kama ulivyosikia. Lakini baada ya aibu ile nilianza kuchokonoa sehemu nzima ya mambo hayo, nikakuta jirani yake: kitufe cha dirisha pamoja na alama ya kujumlisha, maandishi yanakua hadi herufi moja inatosha kujaza nusu ya skrini. Wazee wanaokuja na fomu za mafao sasa wanajisomea wenyewe majina yao kabla hawajaweka sahihi. Mmoja aligundua kwamba kwa miaka yote ameandikwa na herufi ya watu wengine, akaanza upya ugomvi na ofisi aliyostaafia.

Halafu kuna flashi. Mwalimu mmoja alipanda basi kutoka Mishamo na mitihani ya shule nzima kwenye flashi iliyopita kompyuta nyingi kuliko mitihani yenyewe. Tuliichomeka, ikaonyesha kitu kimoja tu, ikoni ndogo yenye kamshale, na mafaili hayapo. Fundi akasema yameliwa, ila kwa elfu ishirini anaweza kuyatapisha. Mwalimu alikaa kwenye rimu.

Virusi vya aina hiyo mara nyingi havili. Vinayapa mafaili alama ya kufichwa na alama ya mali ya mfumo, kisha vinaweka kile kimshale cha uongo mlangoni, ukikibofya unavikaribisha ndani. Windows yenyewe ina amri ya zamani, attrib, inayovua alama hizo. Nilifungua lile dirisha jeusi la amri, nikasogea kwenye herufi ya flashi, nikaandika attrib -h -r -s /s /d. Mwalimu alipoona weusi na maandishi meupe alisimama. “Ndugu yangu, unafuta!” Nikabonyeza Enter. Palikuwa kimya kidogo, kisha kidato cha kwanza kikatokea, Jiografia, Uraia, Biolojia, folda moja moja. Kimshale tulikifuta bila kukibofya, flashi ikapimwa virusi. Fundi alisema hiyo ni ya muda, dawa ya kudumu ni kupiga window.

Bando nalo lina kinga yake. Mashine ikishaunganishwa na simu, inaweza kujisasisha chinichini hadi bando la wiki liishe kabla ya mchana. Kwenye mipangilio ya mtandao kuna sehemu ya kuiambia kwamba intaneti hii ni ya kupimiwa, nayo inakuwa na adabu kiasi. Na katika mji huu, ulioishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, kila mmoja angepaswa kujua kuihifadhi kazi kwa Ctrl na S kabla umeme haujakatika, kama anavyojua namba yake ya simu. Desktopu yetu siachi kuitaja kwa uchungu: mafaili yamebanana kama viboko wa Katuma wakati wa kiangazi, na kila moja linaitwa “CV mpya ya mwisho”. Ukibonyeza kitufe cha dirisha ukaandika jina la mtu, anatokea. Sharti awe aliandikwa jina.

Lakini kati ya yote nililopenda ni dirisha na V. Ukishaliwasha, kompyuta inakumbuka hadi vitu 25 ulivyonakili, si kile cha mwisho tu. “Halmashauri ya Manispaa ya Mpanda” nimeibandika pini humo, siichapi tena herufi kwa herufi. Nilimwonyesha kijana mmoja aliyekuwa akiomba kazi ya ulinzi na kutaka kujichapia mwenyewe aokoe hela. Akashika haraka. Alipofika sehemu ya wadhamini alibonyeza dirisha na V, akachagua orodha ya majina matatu na namba za simu, akabandika, akaprinti, akapeleka.

Orodha ile ilikuwa ya mwenyekiti wa Kawajense: walioahidi mchango wa harusi na hawajatoa.

Mmoja wao alikuja dukani baadaye kufotokopi kitambulisho. Akasema kamati ile imezidi sasa, imeweka mpaka mtu wa kampuni kumpigia simu, anauliza kwa Kiswahili cha ofisini kama anamfahamu kijana fulani na kama anaweza kumdhamini kwa uaminifu.

“Ukamjibuje?” nikamuuliza.

“Nikamwambia mzee, sina ubishi, hiyo elfu hamsini naifahamu. Anipe hadi mwisho wa mwezi.”