Muuza Simu na Sinema Zake

Apple walikwisha shika mifuko ya wenye nazo; wakaona washike na macho yao usiku. Novemba 2019 wakafungua huduma ya filamu, dola 4.99 kwa mwezi huko Marekani, na wakati huo aliyenunua simu mpya alitazama mwaka mzima bure. Ukarimu wa muuza ng'ombe anayekuachia na kamba! Machi 2022 filamu yao CODA ikawapa Oscar ya filamu bora, wapinzani wao Netflix wakibaki kumeza mate. Hongera zao, kweli. Bei nayo ikaanza kupanda jukwaani: 6.99, 9.99, na Agosti 2025 ikagonga 12.99. Oktoba mwaka huo wakaiondoa alama ya kujumlisha (+) iliyokuwa mwishoni mwa jina la huduma hiyo. Kujumlisha kwenyewe kulikwisha hamia kwenye ankara.