Nani Kachukua Kisu Changu?

Mwalimu aliponiambia "utatusaidia kidogo tu, jioni moja," nilipaswa kukumbuka kwamba hata Antonio, yule wa mchezoni aliyeweka nyama ya mwili wake rehani, alitia sahihi yake kwa utani. Lakini nilikuwa likizo, nimelikimbia joto la Dar es Salaam, nimekaa kibarazani kwa mama na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Mtu aliyekaa hivyo hukubali lolote.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Sekondari yetu ya kata, juu huko milimani Lushoto, ilikuwa na maabara iliyoishia kwenye lenta. Harambee zilishafanyika mbili, na watu walikuwa wameanza kupita njia ya bondeni ili wasikutane na mweka hazina. Ndipo mwalimu wa Kiswahili akaja na lake: tuuze tiketi za chakula cha usiku, na watu wakiwa mezani tuwaigizie mchezo. Mchezo wenyewe ni *Mabepari wa Venisi*.

Kamati ikasita. Mzee mmoja aliuliza kama hao mabepari wana kibali cha mkutano. Mwalimu akaeleza kwa upole kwamba huo ni mchezo wa Shakespeare, na aliyeutia katika Kiswahili ni Nyerere mwenyewe. Kitabu kilitoka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na mfanyabiashara wa Venisi akajikuta ameitwa bepari. Baada ya jina hilo kutajwa hakuna aliyepinga. Nani ataanza?

Kuhusu kula wakati watu wanaigiza, mwalimu alikuwa na ushahidi. Alisema mwaka 1989 walipofukua mabaki ya jumba la michezo la Rose kule London, ambalo ni la enzi za Shakespeare, walikuta maganda ya kokwa na ya chaza waliokuwa wakiliwa na watazamaji. Mzee yuleyule akauliza chaza ni mnyama gani. Alipoelezwa, akasema kama ni hivyo yeye ataomba mbuzi. Mimi nikaongeza, kwa kujipendekeza tu, kwamba hata sisi si wageni wa jambo hilo. Miaka ya 1990 vikundi kama Muungano na TOT vilitumbuiza kwenye baa za Dar es Salaam, watu wakitafuna nyama choma huku wakicheka vichekesho na kutazama sarakasi. Kumbe kwa maneno yale nimejiajiri. Mwalimu akanigeukia: "Basi wewe kaka ndiye mratibu."

Mratibu, kwa wasiojua, ni mtu anayebeba viti.

Tiketi ya mtu mmoja ilikuwa shilingi 10,000, ya familia 25,000. Hatukuandika familia ni watu wangapi. Familia ya kwanza kufika mlangoni ilikuwa ya watu kumi na mmoja, pamoja na fundi aliyekuwa akiwapigia lipu. "Huyu anakula kwetu," baba mwenye nyumba akanieleza, na kwa kweli sikuwa na kifungu cha kumkatalia. Wengine hawakuwa na fedha taslimu wakaleta kabichi. Nilizipokea. Mtu aliyekulia Lushoto hawezi kuikataa kabichi mbele ya mwenye shamba. Tuliuza tiketi za watu themanini, wakaja mia na thelathini na kitu.

Mpishi alikuwa shangazi yangu. Anaishi Tanga mjini, na Tanga mjini shughuli ambayo hakuipika yeye husimuliwa kwa masikitiko. Alipanda basi na masufuria yake, nazi zake, miiko yake na visu vitatu vilivyofungwa kwenye khanga. Alipoteremka, kabla sijamaliza "shikamoo," akaniuliza jiko liko wapi na nani mwingine atakuwa na mamlaka humo. Nikamwambia hakuna. Hapo nilisema uongo bila kujua, maana jiko na jukwaa vilitenganishwa na ua wa hatua arobaini, na vyote viwili vilikuwa vinategemea vifaa vilevile.

Hilo ndilo hakuna aliyenionya. Niliambiwa waigizaji watasahau maneno, niliambiwa umeme utakatika, na yote yalitokea, hayakunishtua. Ambalo sikulitegemea ni kwamba mapishi na maigizo vikiwekwa ua mmoja huanza kuibiana. Meza ya baraza la hukumu ilikuwa meza ya kukatia vitunguu. Kilemba cha Mwanamfalme wa Moroko kilikuwa kitambaa cha kufunikia mikate. Mizani ya Shylock mkopeshaji, ile ya kupimia nyama ya mdeni wake Antonio, tuliiazima buchani pamoja na nyama yenyewe, kwa hiyo kila baada ya dakika ishirini mtu alikuja kuniomba "mara moja tu." Foili iliyokuwa imezungushiwa kisu cha maboksi ili kionekane cha chuma, wasichana wa jikoni waliibandua mchana kufunikia samaki wa mgeni rasmi. Kisu cha Venisi kikabaki boksi tupu, na kwenye makali yake unasoma "sabuni ya mche."

Tukaanza saa moja usiku. Ilikuwa Julai, na Lushoto ya Julai si ya mzaha. Ukungu ulishuka ukaingia ukumbini na kukaa kama mtu aliyekata tiketi. Mpango ulikuwa supu mwanzoni, chakula kikubwa saa mbili, matunda mwishoni. Supu ilitoka vizuri. Kisha jikoni kukanyamaza.

Nikavuka ua. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya sufuria la mbuzi, mikono kiunoni. "Mbuzi gani huyu?" akaniuliza, kana kwamba nimemzaa mimi. Alikuwa ameweka kuni kwa hesabu ya Tanga, saa moja na nusu, na nyama ilikuwa bado inarudisha uma. Maharage ya nazi ndiyo usiseme, yalikuwa yanagonga kwenye mwiko. Nikarudi ukumbini kutafuta maneno ya kuwaambia watu, nikayapata kwa mwalimu wa fizikia, meza ya sita. Alifurahi sana kuulizwa. Alieleza kwamba kadiri unavyopanda mlima ndivyo hewa inavyokandamiza kidogo, na maji huwahi kuchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Pwani yanachemka kwenye nyuzi 100. Hapa kwetu, mita 1,400 na zaidi juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi kama 95, na hata ukiongeza kuni hayapandi zaidi ya hapo. Unachoongeza ni mvuke. "Kwa hiyo atahitaji muda," akamaliza, akatazama sahani yake tupu kwa mara ya kwanza. Ni yeye ambaye maabara ile inajengwa kwa ajili yake, lakini meza ya sita ilimtazama kama vile ndiye aliyeinua mlima.

Nikamwomba mwalimu arefushe mchezo. Ndivyo tulivyofika kwenye matranka.

Katika mchezo, anayemposa Portia huchagua sanduku moja kati ya matatu: la dhahabu, la fedha na la risasi. Tulichukua matranka matatu bwenini. Moja tukalipuliza rangi ya dhahabu iliyobaki kwa fundi wa mapambo ya harusi, la pili la fedha, la tatu tukaliacha kama lilivyo, maana tranka la kidato cha kwanza halihitaji msaada kufanana na risasi. Mwanamfalme wa Moroko anachagua dhahabu, anafungua, anakuta fuvu la kichwa na karatasi ya kumsuta, anaondoka kwa huzuni.

Sasa, jioni ile, tukikaribia kuanza, binti mmoja wa jikoni alinijia mbio. Chapati mia na ishirini zimeiva, hotipoti ziko mbili, "kaka tuziweke wapi zisipoe?" Nilikuwa na benchi begani. Nikamwonyesha kwa kidevu: "Weka kwenye tranka pale." Nilimaanisha la kijani, la mama. Naapa nilimaanisha la kijani.

Mwanamfalme wetu ni dereva wa bodaboda. Tangu asubuhi alikuwa anapandisha abiria, hajatia kitu tumboni. Alisimama na kilemba chake akayapima masanduku, akasema maneno yake yote bila kukosea hata moja, akachagua dhahabu, akafungua kifuniko.

Mvuke ukapanda. Taa ya jukwaa iliushika mvuke ule ukawa mweupe kama moshi wa ubani, na nyuma yake ikaja harufu ya samli, ikashuka meza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukumbi mzima ulinyamaza. Mwalimu, aliyekuwa amejibanza nyuma ya pazia na kitabu, aligeuza ukurasa, akaurudisha, akaugeuza tena. Mwanamfalme aliangalia ndani ya tranka. Akamwangalia Portia. Akaangalia ndani tena.

"Portia," akasema, "wewe baki tu. Mimi nimeridhika."

Akajitwika tranka begani akashuka nalo. Watu wakapiga kelele "Leta huku!" na yeye, kwa kuwa kazi yake ni kufikisha mizigo, alifikisha. Alizunguka meza kwa meza na upanga kiunoni, moja moja kwa kila aliyewahi, mpaka lilipobaki fuvu peke yake. Kumbe nalo lilikuwemo, chini kabisa, limefunikwa vizuri kwa kitambaa ili lisipate vumbi.

Ungedhani chapati zimetuokoa. Chapati kavu, bila rosti, humwongezea mtu njaa. Ilipofika saa tatu na nusu, zamu ya kesi, watu hawakuwa wakimtazama Antonio kama binadamu tena.

Shylock aliigizwa na mkusanya ushuru wa soko. Mwalimu alimchagua kwa sababu hakuhitaji kufundisha watu namna ya kumtazama. Kisu cha boksi alikikataa palepale. Alisema hawezi kudai haki yake kwa sabuni ya mche, akapitia jikoni, akarudi na cha kweli. Basi akawa ameinua mguu, anakinoa kwenye soli ya kata mbuga yake, Antonio amefungua vifungo vya shati, Portia aliyejifanya wakili anajiandaa kwa ile hoja yake kwamba nyama chukua lakini damu isimwagike hata tone. Kutoka uani tukasikia:

"Nani kachukua kisu changu?"

Mara ya kwanza watu wakadhani ni sehemu ya mchezo. Mara ya pili ilikuwa karibu zaidi. Mara ya tatu shangazi alikuwa tayari mlangoni, mwiko mkononi, khanga imekazwa kiunoni. Akapita katikati ya meza, akapanda jukwaani kwa ngazi ya waheshimiwa.

"Wewe baba," akamwambia Shylock, "nyama yangu nusu haijakatwa, na wewe unafuta kisu changu kwenye kiatu?" Akamnyang'anya. Akageuka kuondoka, macho yake yakamwangukia Antonio, kifua wazi, anatetemeka kwa baridi ya kweli. "Na huyu mfunikeni. Ataumwa kichomi."

Sijawahi kusikia makofi kama yale, wala vigelegele. Portia alijaribu kuanza hoja yake ya damu, binti wa watu aliyekariri wiki sita, lakini Shylock alimwangalia hakimu akasema kwa sauti ndogo, "Mheshimiwa, mimi sina kisu." Hakimu naye alikuwa mwanadamu. Aliuliza kama chakula kiko tayari.

"Bado nusu saa," shangazi akajibu bila kugeuka.

Ukumbi ukaguna. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba guno lile ndilo alilokuwa akiwaomba waigizaji wiki zote zile, hawakuweza kulitoa.

Tulikula karibu saa nne na nusu, kwa tochi za simu, maana jenereta lilikuwa limekwisha mafuta. Ilikuwa pilau ambayo watu hawakuizungumzia mezani. Ilizungumzwa siku iliyofuata sokoni. Sehemu ya mwisho ya mchezo haikuigizwa. Bibi mmoja wakati wa kuondoka alinishika mkono kuniuliza zile pete Portia na mwenzake walizowapa waume zao ziliishia wapi, nikamwambia zilipatikana. Akashukuru Mungu.

Tukitoa gharama, maabara ilipata mabati na misumari, bila mbao za kuyapigilia. Mimi kwa nauli zangu nililipwa kabichi kumi na nne. Niliteremka nazo hadi Mombo, na kondakta akazitoza kama abiria.

Juzi mwalimu amepiga simu. Mbao bado. Anasema mwaka huu wamekaa kamati wakachagua tafsiri ile nyingine ya Nyerere, *Juliasi Kaizari*, na wangependa shangazi apike tena. Nikamuuliza wanaomchoma Kaizari ni wangapi. Akahesabu kwa sauti, nikamsikia anarudia vidole.

"Sita," akasema.

Shangazi ana visu vitatu.