Kobe, Tai na Utando wa Jumapili

Ndovu alikuwa na uwanja, na kila Jumapili ya msimu wake mafahali wa koo 32 walipambana humo tangu adhuhuri hadi usiku. Hekaya hii ni ya Marekani, basi nisiwafiche: Ndovu ni NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbatia mpira na kuangushana. Mafahali ni timu zake. Wengine nitawataja kila wanapoingia, maana yaliyowapata yamo kwenye mikataba na majalada ya mahakama.

Kila kijiji kilikuwa na kunguru wawili juu ya mti, ambao kwa miaka mingi wamekuwa CBS na Fox. Hao walitangaza bure, na mwenye antena alisikia. Lakini kunguru alitangaza pambano la fahali wa kijiji chake, na jingine moja au mawili aliyoyachagua mwenyewe. Aliyehama ukoo wake akaenda kuishi mbali alibaki kusikiliza habari za mafahali wa watu wengine.

Kobe alikuwa miongoni mwa waliohama. Alizaliwa Green Bay, katika jimbo la Wisconsin, akafuata kazi ya reli hadi Montana, jimbo lisilo na fahali hata mmoja uwanjani kwa Ndovu. Alijenga bondeni, mwendo wa saa nzima kutoka duka la karibu. Kobe wa nchi za baridi hulala usingizi majira yote ya theluji, lakini huyu hakulala. Jumapili zilimnyima usingizi. Miaka mingi alikuwa akipiga simu kwa dada yake Green Bay kuuliza matokeo, naye dada mtu humweleza pambano zima kuanzia mwanzo, na gharama ya simu ikawa inampanda mzee wa watu kichwani.

Mwaka 1994 akaja Tai. Tai ndiye DirecTV, na ngome yake iko angani kilomita 36,000 hivi juu ya Ikweta, mstari uleule unaopita Nanyuki, isipokuwa yeye yuko upande wa bahari ya Pasifiki. Huko juu huzunguka kwa mwendo uleule wa dunia, hivyo ukiwa chini unamwona ametulia mahali pamoja mchana na usiku. Tai akamwendea Ndovu, akamwambia, “Bwana mkubwa, mimi nayaona mapambano yako yote kwa pamoja. Niuzie Jumapili, nitawauzia walio mbali na koo zao.” Ndovu akakubali. Kifurushi kikaitwa Sunday Ticket, na kwa miaka 28 nyumba nyingi zilizokitaka kizima hazikuwa na mlango mwingine wa kuingilia ila kwa Tai.

Kobe akanunua ungo. Akauchimbia nguzo nyuma ya nyumba, akauelekeza kusini, akaukaza nati mwenyewe huku Bi. Kobe akiwa dirishani anamwambia kama picha imekuja. “Bado, Mzee... kidogo kushoto... hapo hapo, usiguse!” Theluji ikianguka nyingi ungo ulijaa na picha ikapotea, basi Bi. Kobe alifunga ufagio kwenye mti mrefu, akawa anatoka na koti lake juu ya gamba kuupangusa, na fahali wa Green Bay anarudi kwenye kioo kabla hajamaliza kufunga mlango. Jambo hilo nalisema kwa makusudi, kwa sababu huduma ile ilikuwa na kasoro zake, lakini kasoro zake mwenye nyumba aliweza kuzitibu kwa ufagio.

Kifurushi kilikuwa ghali, na hilo Kobe hakuwahi kulinyamazia. Alitaka fahali mmoja, akalazimika kulipia wote. Aliandika barua kwa Tai, akajibiwa kwamba Tai anauza kile alichouziwa na Ndovu. Barua ile aliihifadhi. Wengi katika hekaya hii walimlaumu Tai kwa bei, na baadaye wakamlaumu Buibui, ambaye nitamleta punde, kwa kuwa ankara ilibeba jina la mchukuzi, na jina la mwenye uwanja halikuonekana.

Tai alianza kuzeeka. Wateja walikuwa wanamkimbia kila mwaka, ilhali Ndovu alimdai dola bilioni 1.5 kwa mwaka, fedha ambayo kwa taarifa za magazeti ya biashara haikurudi yote kutoka kwa wanunuzi wa kifurushi. Hapo ndipo Buibui aliposogea. Buibui ni YouTube, na utando wake umeshikilia miji mingi ya dunia. Tarehe 22 Desemba 2022 Ndovu alitangaza kwamba Jumapili zake sasa zitapita kwenye nyuzi za Buibui kwa miaka saba, kwa bei iliyoripotiwa kufika dola bilioni 2 kwa mwaka.

Mjukuu wa Kobe, anayeishi mjini, ndiye aliyeleta habari. “Babu, ungo hauna kazi tena. Sasa ni programu tu, unaibonyeza kwenye runinga.”

“Na bei?”

Bei ilikuwa dola 349 kwa msimu ule wa 2023 kwa aliyekwisha kujiunga na YouTube TV, huduma iliyokuwa ikitoza zaidi ya dola 70 kila mwezi, na dola 449 kwa asiyejiunga. Kobe akauliza kama anaweza kununua fahali mmoja. Mjukuu akatafuta kila ukurasa, akatikisa kichwa.

Wakalipa. Jumapili ya kwanza fahali wa Green Bay aliinua mguu wa mbele kumkabili mwenzake, akabaki hivyo. Mguu uko hewani, pembe zimeinama, na katikati ya kioo kuna kiduara kinazunguka. Kobe alisogea karibu mpaka pua ikakaribia kugusa. Ulipokuja kushuka ule mguu, pambano lilikuwa limekwisha na watangazaji wanaagana. Wiki iliyofuata picha haikukwama, ila simu ya dada yake ililia. “Umeona! Umeona!” Kobe hakuwa ameona kitu. Kwake fahali alikuwa bado anajipanga, na ilipita karibu nusu dakika kabla ya kuona kile ambacho Green Bay nzima ilikuwa imeshakishangilia.

Hapa panahitaji maelezo, kwa sababu watu hudhani utando na anga ni njia mbili za kufikisha kitu kilekile. Tai hulia mara moja. Mlio wake ukishuka, unafunika karibu nchi nzima, na nyungo zikiwa kumi au milioni kumi hauongezeki wala haupungui. Nyumba ya bondeni na nyumba ya New York husikia sauti ileile. Buibui hana mlio wa namna hiyo. Yeye hulikata pambano vipande vya sekunde chache, akamtumia kila mtazamaji vipande vyake peke yake kwenye uzi wake, na runinga hulazimika kuweka vipande kadhaa akibani kabla ya kuanza kuonyesha, isije ikaishiwa njiani. Akiba hiyo ndiyo ucheleweshaji aliouona Kobe. Uzi ukiwa mwembamba akiba huisha, na hapo ndipo fahali anapoganda mguu ukiwa juu. Watazamaji wakiongezeka, mzigo wa Buibui huongezeka. Naye huvuta uzi mnene pale penye nyumba nyingi, kwa kuwa ndipo penye malipo. Bondeni kwa Kobe uzi ulikuwa waya wa zamani wa simu. Tume ya mawasiliano ya serikali, FCC, ilisema mwaka 2024 kwamba Wamarekani wapatao milioni 24 hawajafikiwa na intaneti ya kasi ya waya au mitambo ya ardhini, na waliokosa zaidi ni wa mashambani, zaidi ya robo ya wakazi wote wa huko. Hao ndio majirani wa Kobe, na wengi wao ni watu walewale ambao Tai aliwafikia bila kuwauliza wanakaa wapi.

Nitamtendea haki Buibui, maana kuna aliyemshukuru kwa dhati. Panya wa mjini aliishi ghorofa ya tatu, dirisha lake limeelekea kaskazini na jengo refu limeziba anga yote ya kusini. Mwenye nyumba alikwisha kumkataza kutundika ungo. Kwake Tai alikuwa hadithi tu. Uzi ulipoingia ukutani, Panya alimwona fahali wa ukoo wake kwa mara ya kwanza tangu ahame, akawaita rafiki zake wakakaa sakafuni mpaka usiku. Furaha yake ni ya kweli na simnyimi. Swali langu ni kwa nini furaha ya Panya ililipiwa kwa kumzima Kobe, wakati Ndovu angeweza kuwauzia wachukuzi wote wawili, kila mmoja akafika anakoweza kufika. Maana anga haikuzimwa. Tai aliendelea kulia Jumapili kama zamani, lakini kwa vilabu vya pombe na mahoteli peke yake, kwa kibali kilichopitia kampuni iitwayo EverPass ambayo Ndovu mwenyewe ana hisa. Mlio ule uliendelea kupita juu ya paa la Kobe na juu ya ungo wake uliokwisha kukatiwa, ukaenda kushuka kwenye kilabu cha mjini.

Wala Jumapili haikuwa mwisho. Alhamisi zilikuwa tayari zimemezwa na Chatu wa mtoni, yaani Amazon, tangu 2022. Januari 2024 Ndovu alimuuzia Tausi, ambaye ni Peacock, pambano moja la mtoano, fahali wa Miami dhidi ya wa Kansas City, usiku wa baridi kali mno, na watazamaji wapatao milioni 23 wakafuata huko. Krismasi ya mwaka huohuo ikaenda kwa Netflix. Walio kwenye miji ya mafahali wanaopambana waliendelea kupata mapambano hayo bure kwa antena. Waliohama ndio walioambiwa wafungue kila mlango, na kila mlango una mlinzi wake, nywila yake na ankara yake ya mwezi.

Sasa nimlete Bata. Bata alikuwa na baa San Francisco, na kwenye majalada imeandikwa jina lake halisi, Mucky Duck. Mwaka 2015, enzi za Tai bado, alimshitaki Ndovu. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria ya mwaka 1961 iliyowaruhusu wenye timu kuuza mapambano yao kwa umoja ililenga matangazo ya bure ya kunguru, na haikuwapa ruhusa ya kufunga anga yote kwa ufunguo mmoja wa kulipia. Kesi ilizunguka miaka tisa, hadi ikawa inawasemea wanunuzi wa majumbani zaidi ya milioni 2 pamoja na maelfu ya wenye baa.

Juni 2024, mahakamani Los Angeles, Ndovu alisimama akasema kwamba hakumdhulumu yeyote: kila kijiji kinamwona fahali wake bure, na kifurushi ni cha ziada kwa mwenye kukitaka. Kisha zikasomwa hati. Katika hati hizo ilionekana kwamba ESPN iliwahi kupendekeza kifurushi kiuzwe dola 70 kwa msimu mzima, na mnunuzi aachiwe achague timu moja akitaka. Ndovu alikataa. Kunguru walimlipa mabilioni ili wasikilizwe wao kwanza, na kifurushi cha bei nafuu kingewapunguzia wasikilizaji.

Kobe alisomewa hayo na mjukuu kwenye simu, akaomba arudie pale penye dola 70. Mjukuu akarudia. Mzee akaenda kabatini, akatoa ile barua ya Tai ya miaka ile, akaisoma upya akiwa amesimama.

Baraza la wazee wa mahakama lilimwona Ndovu ana hatia, likaamuru awalipe wanunuzi wa majumbani takriban dola bilioni 4.7 na wenye baa dola milioni 96. Kwa sheria za huko fidia ya namna hiyo hukuzwa mara tatu. Shangwe ilidumu wiki chache tu. Tarehe 1 Agosti jaji Philip Gutierrez alitengua hukumu yote, akisema mahesabu ya wataalamu wa upande wa walalamikaji hayakustahili kutegemewa, na bila hayo hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa hasara. Bata akakata rufaa.

Mimi niko upande wa Kobe, na sisubiri rufaa ili niseme hivyo. Hakuomba bure. Alikuwa tayari kumlipa Tai, akawa tayari kumlipa Buibui, na sasa anawalipa mbayuwayu pia, yale makundi ya setilaiti ndogo za Starlink zinazoruka kilomita 550 hivi juu, ili wamletee bondeni uzi wa kutosha kupitisha picha ambayo mwanzoni ilikuwa inashuka yenyewe kutoka angani. Teknolojia imebadilika mara mbili chini ya macho yake, na sharti la mwenye uwanja halikubadilika hata herufi moja: nunua wote au ukose wako.

Msimu mwingine ulipokaribia mjukuu alipiga simu. “Babu, tulipie tena?”

Kobe alikuwa na karatasi mezani. Aliandika mapambano 17 ya fahali wa Green Bay, akafuta yanayotangazwa bure Montana, akafuta ya Alhamisi kwa Chatu, akafuta ya Jumapili usiku na ya Jumatatu ambayo hayamo kwenye kifurushi. Bi. Kobe alihesabu yaliyobaki kwa ncha ya kalamu, akayahesabu tena.

“Waandikie,” Kobe akamwambia mjukuu. “Waambie haya yaliyobaki nayataka, na nitayalipia leo hii. Waulize bei ya haya tu.”

“Babu, hapa hapana mahali pa kuandika. Kuna kitufe cha kulipa na kitufe cha kughairi.”

“Basi ghairi, mjukuu wangu. Halafu nitafutie anwani ya Ndovu mwenyewe.”