Kwa Wakubwa wa Philips: Misa Yetu Mliipeleka Wapi?

Kwa Mwenyekiti, Wakurugenzi na Wanahisa wote wa kampuni ya Philips,
Amsterdam, Uholanzi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani ya wateja wenu, hatumo. Chukueni ramani ya reli, mfuate njia inayopanda kutoka Lubumbashi mpaka pale inapogawanyika, moja ikishika Kasai hadi Ilebo, nyingine ikielekea Kabalo na ziwani. Hapo ndipo tulipo. Makutano yapo. Treni ndiyo msiulize.

Naandika kwa niaba ya nafsi yangu peke yake, maana kila niliyemwomba atie sahihi aliuliza kwanza kama mtatoa kitu. Shabaha yangu ni kushukuru. Tangu babu zetu wakiwa chini ya Wabelgiji mpaka leo, kampuni yenu imeihudumia Kamina mara tatu katika mambo ya muziki, na kila mara imetuacha na kichache kuliko ilichotukuta nacho. Bidii ya namna hiyo haifai kupita bila barua.

Huduma ya kwanza mnayo kwenye vitabu vyenu. Hapa Kamina, kwenye misheni ya Mtakatifu Bavo, tarehe 23 Machi 1958, iliimbwa kwa mara ya kwanza Missa Luba. Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alikuwa amekusanya wavulana wapatao 45, wa miaka 9 hadi 14, na walimu wao kama 15. Maneno yalikuwa ya Kilatini, lakini namna ya kuyaimba ilitoka huku kwetu: Sanctus ilijengwa juu ya wimbo wa kuagana, na katika Credo, pale Yesu anaposulubiwa, ikaingia kasala, ile ile tunayowalilia nayo wafu wetu. Hapakuwa na karatasi ya noti ya kufuata. Watoto walisikilizana, huyu akapanda, yule akajaza chini, mwalimu Joachim Ngoi akatangulia kwa sauti ya peke yake, na mambo yakaenda. Kwaya ilipewa jina la Les Troubadours du Roi Baudouin. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji hakuimba hata sauti moja, ila jina lake ndilo lililotangulia kwenye jalada. Kwa desturi za wakati ule hilo ni jambo dogo; sisi wenyewe tulikuwa tumeandikwa jina lake mpaka kwenye shule na barabara.

Mwaka huo huo watoto walipelekwa Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, wakaimba mbele ya wazungu waliojaa kumbi, hata na wale wavulana maarufu wa kwaya ya Vienna. Ninyi mkaitia misa yao kwenye sahani ya santuri. Sahani ikatembea kuliko watoto wenyewe. Mwaka 1964 Pasolini, Mtaliano, akaitumia Gloria katika filamu yake ya Injili ya Mathayo. Mwaka 1968 Lindsay Anderson wa Uingereza akatoa filamu iitwayo If...., ambamo kijana mtukutu wa shule ya bweni anaiweka Sanctus kwenye gramafoni, inaisha, anairudisha, inaisha, anairudisha. Filamu ikachukua tuzo kuu ya Cannes mwaka 1969, na Sanctus ikaingia kwenye orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Wimbo wa Kamina, pamoja na akina Beatles! Sijakutana bado na mzee wa Kamina anayekumbuka kupongezwa. Upande wa pili wa sahani mlijaza nyimbo zetu za harusi, za msiba, za kazi, na Banaha, wimbo wa askari, ambao leo kwaya za shule huko Ulaya na Marekani huuimba wakipiga makofi kwa adabu kubwa.

Sasa huduma ya pili.

Ili muielewe vizuri, inabidi niwaeleze duka la sahani lilivyokuwa. Halikuwa duka la sahani tu, hilo lingekuwa anasa. Lilikuwa na vitenge, matairi ya baiskeli, betri, na kwenye rafu ya nyuma, mbali na jua, sahani ndogo za mizunguko 45, zimesimamishwa kama vitabu. Zilipigwa chapa Kinshasa, zikapakiwa botini hadi Ilebo, kutoka Ilebo zikaja na treni, na siku ya kufika kwake mwenye duka alikuwa mtu mkubwa kuliko kasisi. Rumba yenyewe haikutosha upande mmoja. Sehemu ya kwanza, ile ya maneno na malalamiko ya mapenzi, ilikuwa upande A. Sebene, pale gitaa linapoamka na watu wanaposimama, ilikuwa upande B. Katikati lazima mtu atoke kwenye kiti, ainue mkono wa gramafoni, ageuze sahani, apulize vumbi. Mtu huyo alichaguliwa. Hakupewa mlevi kazi ile. Na sahani ilikuwa na karatasi ya duara katikati: jina la bendi, la mtunzi, la kampuni, na namba. Hata asiyejua kusoma alimtambua mwanamuziki Franco kwa rangi ya karatasi.

Kisha, waheshimiwa, mkaleta kaseti. Mhandisi wenu Lou Ottens, pale Hasselt, Ubelgiji (naona Ubelgiji haituachi), alichonga kipande cha mti kinachoingia mfukoni mwa koti lake, akasema chombo kisizidi hapo. Mwaka 1963 mkaionyesha Berlin. Mwaka 1965 mkakubali kila kiwanda duniani kiitengeneze bila kuwalipa. Mkono wenu ulikuwa mkunjufu kweli kweli. Mmewahi kujiuliza ukunjufu huo uliishia wapi? Uliishia kwenye veranda zetu, kwa kijana mwenye redio ya kaseti mbili, ya kulia ikiimba, ya kushoto ikimeza. Unampa kaseti tupu ya dakika 60 au 90, unamwambia unataka nani, kesho unachukua. Mtunzi hapati kitu, kampuni haipati kitu, mwenye duka anauza matairi. Na dakika 60 ni dakika 60: upande mmoja ukijaa, umejaa. Kuna kizazi kizima cha hapa ambacho Mario ya Franco, ya mwaka 1985, kinaijua mpaka pale mwanamke anapoanza kuchoka kweli na yule kijana, halafu klak. Mwisho wa habari wameusikia harusini kwa watu.

Sitaki kuwaonea. Sahani zilikuwa na maadui wengine nyumbani. Rais Mobutu alipotaifisha mali za wageni miaka ya 1973 na 1974, kiwanda cha sahani cha MAZADIS, Kinshasa, kiliangukia mikononi mwa Franco mwenyewe, na mwanamuziki akawa bosi wa mashine. Lakini mashine hula plastiki kutoka ng'ambo, plastiki hulipwa kwa fedha za kigeni, na sarafu yetu, zaire, ilikuwa ikishuka thamani kila tulipoihesabu. Kaseti yenu ilimkuta mgonjwa kitandani tayari. Ilimfunika shuka tu.

Huduma ya tatu nitaipita haraka kama ilivyopita yenyewe. Mwaka 1982, ninyi na Sony mkatoa CD, mkatuambia haiharibiki. Mliijaribu na vumbi la Septemba la Haut-Lomami? Ilifika kwetu ikiwa imechelewa, nyingi zikiwa za kunakili, zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na ilipoanza kurukaruka tuliitundika shambani kutishia ndege. Kazi hiyo iliifanya vizuri. Mwaka 1998 mkachoka na muziki kabisa, mkaiuza PolyGram, kampuni yenu ya sahani, kwa zaidi ya dola bilioni 10. Hongereni. Ndani ya bilioni hizo zilikuwamo koo za watoto wa Kamina, na ningependa kujua mhasibu wenu aliziandika mstari gani.

Leo duka la muziki Kamina ni meza chini ya mwavuli, karibu na soko. Juu yake pana kompyuta, betri inayolishwa na bamba la sola, na nyaya nyingi kuliko nyimbo. Unatoa memori kadi kwenye simu, unachagua folda: Ndombolo, Gospel, Mix ya Harusi, Bakolo Miziki. Unalipa kwa ujazo, kama mafuta ya taa. Nyimbo hazina karatasi ya katikati. Zinaitwa Track 03, Track 03 ya pili, na AUD yenye msururu wa tarakimu zinazotuambia siku zilipotumwa WhatsApp, jambo ambalo mtunzi, kama yu hai, bila shaka litamfariji. Rumba yetu iliandikwa na UNESCO Desemba 2021 kuwa urithi wa wanadamu wote. Tulishangilia sana, kisha tukaenda kujaza memori kadi.

Nilimwomba kijana wa meza hiyo anitafutie Missa Luba. Kwenye kompyuta hamna. Akaingia intaneti kwa simu yake, akaguna, akanigeuzia kioo kwa upole wa mtu anayemsahihisha mzee: "Papa, hii ni ya ba Kenya."

Na hakukosea. Mwaka 1990 Muungano National Choir ya Nairobi, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi upya misa hiyo, kwa CD, kwa lebo ipi? Ya Philips. Wameimba vizuri, sina ugomvi na ndugu zangu wa Kenya, ukarimu wao kwa wanamuziki wa Kongo unajulikana tangu zamani. Ila kijana huyu amezaliwa Kamina, amekulia Kamina, na kila Jumapili anaimba kwaya Kamina. Nilipomwambia kuwa walioanza ni watoto wa hapa hapa, umri wa mdogo wake, aliniangalia kama mtu aliyekunywa pombe ya lutuku asubuhi.

Tukiwa katika hilo akatokea mtumishi wa ofisi moja ambayo sitaitaja. Na hata ningetaka, mhuri wake haukusomeka. Alikuwa na daftari la risiti: kodi ya kutumia muziki wa watu. Kijana akaomba muda, wakavutana, wakakubaliana mwisho wa mwezi. Kisha mtetezi huyo wa wasanii akachomoa flashi mfukoni, ijazwe, bure, na nyimbo za mwimbaji Koffi zisisahaulike.

Maombi yangu, waheshimiwa, ni ya mtu mwenye kiasi. Najua siku hizi mnauza mashine za hospitali, masikio mmewaachia wengine. Lakini nimesoma pia kuwa mwezi Juni 2021 mliita zirudi kiwandani mamilioni ya mashine za kuwasaidia watu kupumua usingizini, kwa sababu sponji ya ndani, iliyowekwa kupunguza kelele, ilikuwa ikimomonyoka. Kumbe mnajua kuita vitu virudi! Basi iiteni kaseti. Sisi tutawatafutia zilizobaki, ziko chini ya vitanda. Nanyi mturudishie sahani yetu, moja tu. Wamarekani mwaka 2022 walinunua sahani milioni 41 na CD milioni 33, mara ya kwanza sahani kushinda tangu 1987, kwa hiyo msiniambie chombo kimepitwa na wakati. Kimepitwa kwetu tu.

Pamoja na sahani, naomba karatasi yenye majina ya wavulana wote wale, moja moja, kama yalivyo kwenye makaratasi yenu au ya mapadre. Hili si la mzaha. Aliyekuwa na miaka 9 mwaka 1958 sasa amepita 75, na hapa kwetu huo ni umri wa kukimbizana nao.

Mtauliza itapigwa wapi. Nimewaza ofisi ya gavana, lakini magavana huja na kuondoka, na vitu vya ofisini huwa na tabia ya kuwasindikiza. Parokia ina shughuli nyingi. Napendekeza stesheni. Pale ndipo penye watu wengi Kamina wasio na haraka, na Sanctus, kama nilivyosema, ni wimbo wa kuagana. Abiria wetu wamekuwa wakiaga tangu juzi. Gramafoni tutaomba iwe yenye betri. Najua kampuni yenu ilianza mwaka 1891 kwa kutengeneza balbu, lakini sura hiyo ya historia yenu mji wetu bado haujaifikia vizuri, na sitaki kuwapa kazi mbili kwa barua moja.

Mzigo msiutume kwa posta. Mpeni msafiri mpaka Lubumbashi, hapo nitapata mtu wa lori. Barabarani kuna vizuizi, na katoni yoyote yenye picha ya sahani itatozwa kodi ya redio, kodi ya televisheni na soda ya wakubwa. Juu yake andikeni kwa herufi kubwa: VITU VYA MISA. Haitakuwa uongo.

Wenu katika kusubiri,

Msikilizaji wa zamani,
Kamina, Haut-Lomami