Namna ya Kukosa Meli ya Kitalii na Bado Uheshimike Karurumo

Umeshatangaza, basi tuanzie hapo. Uliwaambia wa chama, ukamnong'oneza na mmoja wa bodaboda pale stendi, na Karurumo ukimnong'oneza mtu wa bodaboda umesoma matangazo kanisani. Kila mtu kuanzia Runyenjes hadi daraja la Thuci anajua kwamba Desemba wewe na mwenzako mtapanda meli ya kitalii, ile yenye orofa kama jengo la benki na bwawa la kuogelea juu kabisa. Kofia ya jua umenunua. Halafu bei ikaja kwa dola, ukaizidisha, ukaizidisha tena ukidhani simu imekosea.

Simu haijakosea. Kaa hapa, agiza chai, nikuonyeshe jinsi ya kutoka salama.

Hatua ya kwanza: jua aliyekuumiza

Usiilaumu kampuni ya meli. Huenda haijaongeza hata senti. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa takriban shilingi 113. Mwaka huo ukiisha ilikuwa 123. Kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa 157 hivi, na Januari 2024 ikagusa 160. Chukua safari ya wiki moja inayouzwa dola 1,500 kwa kichwa. Mwanzoni mwa 2022 ungetoa 169,500. Januari 2024 safari ile ile, chumba kile kile, ilikuwa 240,000. Umeongezewa 70,500 na hujakanyaga ngazi ya meli. Mkiwa wawili ni 141,000, na hiyo ni karo ya mtu.

Sababu zijue, kwa maana utazihitaji sokoni. Kuanzia Machi 2022 Marekani ilipandisha riba, pesa za dunia zikakimbilia kwao. Kenya nayo ilikuwa na deni la Eurobondi la dola bilioni 2, lililokopwa 2014 na lililotakiwa kulipwa Juni 2024, na wengi waliogopa kwamba hatutaliweza. Mwenye dola akazikalia. Anayezihitaji kuagiza mafuta na mbolea akazitafuta kwa tochi.

Kwa hiyo mtu akikuuliza meli imefika wapi, usijibu kwamba mambo ni magumu. Hilo ni jibu la mtu aliyeshindwa. Mjibu, "Tunaangalia Eurobondi." Umesema ukweli mtupu, na mara nyingi hakuna swali la pili.

Hatua ya pili: shindwa mapema

Hapa ndipo watu wazima hupotezea pesa na heshima kwa pamoja, kwa hiyo nisikilize kwa makini. Meli ya kitalii hailipwi mara moja. Unatoa malipo ya awali ili kushika chumba, na baki hudaiwa kwa kawaida kati ya siku 60 na 90 kabla ya kuondoka. Kati ya malipo hayo mawili shilingi inaweza kufanya vituko vyote. Bei ya dola haibadiliki, lakini baki yako kwa shilingi inanenepa usiku ukiwa umelala.

Fanya hivi. Kabla hujatoa chochote, uliza kama malipo ya awali yanarudishwa na mwisho ni lini. Tarehe hiyo iandike kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la pembejeo. Kisha amua kiwango chako cha kukimbia, mathalani: "Dola ikipita 140, najitoa." Mwambie mwenzako peke yake. Ikipita, jitoe siku hiyo hiyo, asubuhi, kabla hujaanza kujihurumia.

Aliyejitoa miezi minne kabla huitwa mtu aliyeahirisha. Aliyejitoa wiki mbili kabla, tayari jirani anajua alikopa wapi.

Na kukopa kwenyewe usikufikirie. Mkopo wa sacco ni wa ng'ombe, wa shamba, wa kuezeka nyumba. Ukichukua mkopo wa shilingi kulipia kitu cha dola, umejibebesha riba ya nyumbani na hatari ya ng'ambo, na wadhamini wako ni wale wale watu uliotaka kuwapigia picha ukiwa baharini. Mikopo ya simu ndiyo mibaya zaidi. Ukiona kidole kinaelekea huko, mpe mtoto simu.

Hatua ya tatu: usinunue dola kwa hofu

Kuna mjanja atakayekuambia ununue dola zote leo kabla hazijapaa. Mjanja huyo alikuwepo Januari 2024, na alisikika sana. Aliyemsikiliza akanunua dola 3,000 kwa 160 alitoa shilingi 480,000.

Februari serikali ikauza Eurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 na kutumia fedha hizo kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani kabla ya muda wake. Hofu ikaisha, waliozikalia dola wakazitoa, na shilingi ikapanda kwa kasi ambayo wachache waliitarajia. Mwezi haujaisha, dola ilikuwa karibu 145. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu 129, na ikakaa hapo hapo mwaka wote wa 2025. Zile dola 3,000 zikawa za shilingi 387,000. Shilingi 93,000 ziliyeyuka kwa woga tu, na mwenye nazo bado anatafuta wa kumlaumu.

Njia yako ni ya polepole. Nunua kidogo kila mwezi, mwezi wa bei nzuri na mwezi wa bei mbaya, bila kuangalia taarifa ya saa moja. Utapata bei ya katikati. Haikupi sifa barazani, lakini inakuacha na usingizi.

Hatua ya nne: tazama mshahara wako unatoka wapi

Ukiwa mwalimu unayelipwa na TSC, kila shilingi yako inashuka pamoja na shilingi. Huna kinga. Safari yako ipange ya karibu na uruke hadi hatua ya saba bila kinyongo.

Ukiwa na kahawa, wewe ni mtu mwingine kabisa na pengine hujijui. Kahawa kwenye soko la mnada la Nairobi huuzwa kwa dola. Wewe unapeleka matunda mekundu kiwandani kwa gunia, mikono imenata utamu wake, unarudi nyumbani na karatasi ya kilo, na miezi baadaye unalipwa shilingi. Lakini katikati ya safari hiyo kahawa yako ilikuwa dola. Shilingi ikianguka, meli inapanda bei, na kila dola ya kahawa yako nayo inaleta shilingi nyingi zaidi. Vinapanda pamoja. Ndiyo maana nasema mwenye mibuni mia tano Kyeni anaweza kuahidi meli kwa ujasiri zaidi kuliko karani wa Nairobi mwenye tai.

Lakini usisherehekee haraka. Mbolea hutoka nje na hulipwa kwa dola, hata kama serikali imekupunguzia gunia hadi shilingi 2,500. Na pesa ya kahawa huja ikijisikia. Usiifungie tarehe ya meli kabla haijaingia kwenye akaunti.

Ndoa ya mwalimu na mkulima wa kahawa, kwa hesabu za meli, ni ndoa nzuri sana. Mmoja ana mshahara usiokosa, mwingine ana dola zilizojificha kwenye matawi.

Hatua ya tano: ukienda kweli, bana mfuko ndani ya meli

Wengi hupiga hesabu ya tiketi wakasahau kwamba ndani ya meli kila kitu kinahesabiwa kwa dola. Meli nyingi kubwa hukata bakshishi ya wahudumu kila siku, dola 16 hadi 20 kwa mtu. Kwa watu wawili usiku saba, hata kwa 16, ni dola 224. Dola ikiwa 113 hiyo ni shilingi 25,312. Ikiwa 160 ni 35,840. Hapo hujanywa soda. Soda, bia, intaneti na matembezi ya nchi kavu vina bei zao, nazo ni za kutisha.

Chakula cha ukumbi mkuu kimo kwenye tiketi. Kula hapo, kula vizuri, kula mara tatu. Ukishuka bandarini tembea kwa miguu. Simu iwe kimya. Picha utatuma ukifika kwenye hoteli yenye intaneti ya bure, na zikifika zote kwa mpigo zinaonekana nyingi zaidi. Mashine ya kadi ikikuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi za Kenya, kataa, ulipe kwa sarafu ya pale. Ukikubali shilingi, wamekupangia kiwango chao, na hakikupendi.

Hatua ya sita: badilisha bahari

Utaambiwa uende Dubai kwa sababu kule wanatumia dirhamu. Dirhamu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 tangu 1997. Ni dola iliyovaa kanzu. Shilingi ikianguka kwa moja, imeanguka kwa nyingine.

Ulaya ina euro na ina viza, na viza ya Schengen ilipanda kutoka euro 80 hadi 90 mnamo Juni 2024. Meli ikitoka nje ya nchi za Schengen na kurudi, utahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Watu wameachwa bandarini na masanduku yao kwa kutojua hilo.

Ninayokupendekezea ni Durban. Tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90 kwa mwaka, na meli zinazoondokea kule huuzwa kwa randi, sarafu ambayo nayo hupata taabu zake mbele ya dola. Ndege bado itakutoza kwa bei ya dola, na kukagua masharti ya viza ya nchi ambako meli itatia nanga ni juu yako. Lakini tiketi ya meli yenyewe umeitoa kwenye makucha ya Marekani.

Hatua ya saba: Mombasa

Hesabu zote zikikataa, teremka Mombasa. Kuwa na habari kwamba hata huko dola ilitangulia. Petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36 kwa lita Oktoba 2023, na Januari 2024 nauli ya treni ya SGR ya kawaida ikapanda kutoka 1,000 hadi 1,500. Bado ni safari ya mtu wa kawaida.

Mombasa ina kituo cha abiria wa meli za kitalii. Ikitokea meli imefunga gati, utaona Wazungu wakishuka kuelekea Fort Jesus wakiwa na furaha isiyo ya kawaida. Ni wale ambao shilingi yetu ikianguka, vinyago vinakuwa rahisi kwao. Simama mahali panaporuhusiwa, meli iwe nyuma yako, mwenzako apige picha. Hujamwambia mtu kwamba ulipanda. Umesimama tu.

Kisha nenda Likoni. Kivuko cha Likoni ni bure kwa anayetembea kwa miguu. Kina sitaha, kina upepo wa chumvi, kina honi nzito, na meli za mizigo hupita karibu hadi unasoma majina yake. Vuka, rudi, vuka tena. Jioni moja, ukiwa na akiba kidogo, panda jahazi la Tamarind mle chakula juu ya maji huku taa za Mji wa Kale zikipita. Vaa ile kofia, hata kama jua limezama.

Hatua ya nane: Masinga

Na ukishindwa kufika Mombasa, maji yako karibu kuliko unavyodhani. Pita Embu, shika barabara ya Kiritiri, teremka kwenye joto la Mbeere, uendelee hadi bwawa la Masinga. Lilikamilika 1981 kuukinga mto Tana kwa ajili ya umeme, na likijaa huenea kilomita za mraba 120. Hoteli iko ukingoni, na boti za kukodi ziko. Kuna viboko, kuna mamba, kuna ndege weupe. Upande wa mbali huoni vizuri. Piga picha ukiwa umekaa chini, ukielekea maji, ukingo usiingie. Boti nzima inalipwa kwa shilingi, na hakuna bakshishi inayokatwa usiku ukiwa umelala.

Wapeleke chama chote, wale wale uliowatangazia. Kodini matatu moja, mbebe ndizi na mayai ya kuchemsha kutoka sokoni kwa sababu ya bei ya hotelini. Kapteni wa boti mwite Kapteni, atafurahi na atazungusha zaidi. Michango ya boti ikusanye nchi kavu kabla ya kuondoka, M-Pesa ikilia moja moja mbele yako, kwa sababu mtu akishaona kiboko hulipa polepole sana.