Mjomba Ashuka Thieffry

Kwa mjomba wangu, Ngagara, kartie ya tano, mgeni hakaribishwi kwenye kochi. Anakaribishwa safu ya 14. Ni viti vitatu vya ndege vilivyoungana kwa chuma kimoja, vilivyokuwa vya buluu kabla vumbi la Bujumbura halijatoa maoni yake. Mjomba alivinunua kwenye mnada alipostaafu kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, akavileta nyumbani kwa mkokoteni. Vina mikanda, na ukikaa lazima ufunge. Kiti cha ndege kisichofungwa mkanda, anasema, ni benchi tu. Kwenye mkono wa kiti kuna kitufe cha kumwita mhudumu. Hakiwaki, lakini wanawe wamezoea kukisikia kikibonyezwa, na maji huja.

Nyumba za Ngagara hazikupimwa kwa safu za ndege. Wazee bado wanauita mtaa wetu OCAF, jina la ile ofisi ya Wabelgiji iliyojenga nyumba zake miaka ya 1950, na ofisi ile iliamini kwamba Mwafrika hahitaji sebule pana. Kwa mjomba unaingia kiubavu. Ukutani utakuta kadi ya maelekezo ya usalama ndani ya fremu, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Kwenye kabati kuna vijiko vyenye herufi S ya Sabena, shirika la ndege la Wabelgiji. Jinsi vilivyofika pale hakuna anayeuliza. Sabena yenyewe ilifilisika Novemba 2001, na tangu hapo mjomba anavihesabu vijiko hivyo kuwa urithi, na mrithi hadaiwi risiti.

Makumbusho haya, maana yeye anayaita hivyo, yana historia yake ya ajali. Siku wakwe walipokuja kumposa binti yake, msemaji wao, mzee mwenye heshima na tumbo, alifungwa mkanda katikati ya wenzake wawili. Zamu yake ya kuongea ilipofika akabonyeza bizimu, akavuta, akasali. Haikufunguka. Wenzake nao wakajaribu za kwao, wapi. Desturi inamtaka msemaji asimame. Wakatazamana, wakahesabu kimoyomoyo, wakasimama wote watatu, na safu ya 14 ikasimama nao. Mzee aliomba mke akiwa ameinama, kiti mgongoni, jasho likimtiririka. Upande wetu uliona huo ni unyenyekevu ambao haujapata kuonekana OCAF, na mahari ikapunguzwa palepale. Mjomba hadi leo anasema bizimu zile hazina kasoro, ila zinahitaji heshima.

Basi mama mdogo, dada yake anayeishi Matonge kule Brussels, alipomwalika aende kumwona mjukuu, mjomba aliuliza swali moja tu: huko kuna ndege za kutazama? Akaambiwa zipo, nyingi, ndani ya Makumbusho ya Kifalme ya Jeshi, katika bustani ya Cinquantenaire. Mimi nikateuliwa kumsindikiza, cheo ambacho maana yake ni kubeba mfuko. Ndani ya mfuko kulikuwa na ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, maana mama mdogo anaweza kusamehe mengi lakini si mtu aliyetoka Ziwa Tanganyika mikono mitupu.

Asubuhi ya ziara tulibeba mfuko ule kwa sababu jioni tulitakiwa kumgawia jamaa mwingine. Tukapanda treni ya chini ya ardhi, mstari wa 5, tushuke Merode. Sasa, Bujumbura mtu haingii kwenye basi kimyakimya. Mjomba aliingia akasema amahoro, akaanza kumpa mkono mmoja mmoja, kutoka mlangoni hadi mwisho wa behewa. Watu wa Brussels walitoa mikono yao kwa hofu, wengine wakidhani ni ukaguzi wa tiketi. Treni ilipofika Merode alikuwa ameshikwa na bibi mmoja aliyetaka kujua kile kinachonukia ni nini, na mkubwa hakatizwi. Milango ikafungwa. Kituo kilichofuata, ubaoni, kiliandikwa Thieffry.

Tukashuka, nikamwambia tuvuke tupande ya kurudi. Mjomba alishavua kofia.

"Mwanangu," akasema, "unajua tuko nyumbani kwa nani?"

Nilijua, kwa sababu hakuna mtoto aliyekulia karibu na safu ya 14 asiyejua. Edmond Thieffry alikuwa rubani wa vita vya kwanza vya dunia. Tarehe 12 Februari 1925 aliondoka Brussels na ndege ya injini tatu, Handley Page, kwenda Kongo, safari ambayo haikuwahi kufanywa. Alifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Siku 51! Saa za kuwa angani kwenyewe zilikuwa chache. Muda uliobaki ulikuwa wa kutengeneza, kungoja na kutengeneza tena. Leo safari hiyo ni usingizi mmoja na sahani mbili za chakula. Alipojaribu tena mambo ya ndege Kongo, alianguka na kufa Aprili 1929 karibu na Albertville, Kalemie ya leo, ng'ambo ya ziwa letu. Kwa hiyo mjomba anamhesabu kama marehemu wa huku kwetu, na marehemu wa kwenu hupiti mlangoni pake bila salamu.

Lakini kwa kweli Thieffry si shujaa wake. Shujaa wake ni Jef De Bruycker, fundi wa safari ile. "Rubani anapiga picha," mjomba hupenda kusema, "fundi anapiga magoti." Tulisimama pale jukwaani, kofia mkononi, kumkumbuka De Bruycker katika kituo cha bosi wake, mpaka treni mbili zikapita. Kisha tukatembea kwa miguu, mimi na ndagala nyuma.

Ukumbi wa ndege wa Cinquantenaire ni jumba la chuma na vioo la karne ya 19, refu kupita kiasi, ndege zimepangwa chini na nyingine zinaning'inia juu. Kabla ya kuufikia, hata hivyo, kuna mahali pa kuacha mizigo. Mlinzi aliinama kwenye mfuko, akainuka haraka kuliko alivyoinama.

"Ni nini hiki, bwana?"

"Abiria kutoka Ziwa Tanganyika," mjomba akajibu.

Kuingia na mfuko haikuruhusiwa, na hilo mjomba alilielewa. Sheria za mizigo anaziheshimu kuliko za barabarani. Alichokataa ni kuuacha bila lebo. Mzigo usio na lebo, alimweleza mlinzi, ni yatima. Akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa lebo ya zamani ya uwanja wetu, yenye herufi BJM, akaandika jina la mama mdogo, akaandika uzito, kilo tano, akaifunga kwa fundo la kazi. Mlinzi aliitazama lebo, akatutazama, akauweka mfuko kwenye sanduku kwa mikono miwili.

Kule ndani mjomba alipita ndege za kivita bila kugeuka. Alikuwa anaitafuta Caravelle, na akaiona: ile ndege ya Wafaransa iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955, injini mbili mkiani, madirisha ya pembe tatu, na hii ya Brussels ilikuwa ya Sabena. Watu waliizunguka wakipiga picha pua yake. Mjomba alikwenda moja kwa moja chini ya tumbo, akainama, akaanza kuongea na mlango wa mizigo. Sijui walikumbushana nini. Alipoinuka, nyuma yake walikuwa wamejipanga wanafunzi darasa zima, wameinama vilevile, na mwalimu wao ameshika daftari. Suti, kitambulisho cha zamani kifuani, mvi: walimchukua kuwa mwongoza wageni. Yeye naye hakuona sababu ya kukana.

Somo lilikuwa la uwiano. Ndege yenye injini mkiani, alieleza kwa Kifaransa chake cha uwanja wa ndege, ukiipakia nyuma kabla ya mbele inakaa kitako, pua juu, mbele ya abiria waliokwisha lipa nauli. Akawapanga watoto wawe masanduku, wanene mbele, wembamba nyuma, mwalimu akawa mtoto wa mtu mashuhuri asiyetaka kupimwa uzito. Mtoto mmoja akauliza: "Bwana, umewahi kurusha ndege?"

"Hapana. Nimezizuia zisianguke zikiwa zimesimama."

Kutoka hapo akahamia ziwani. Mwaka 1916, akawaambia, babu zenu Wabelgiji waliazimwa na Waingereza ndege nne za kutua majini, Short 827. Zilifunguliwa vipande, zikaja kwa meli hadi Kongo, zikapanda reli, zikapanda mto, zikashuka, zikapanda reli tena, mpaka ukingo wa magharibi wa Tanganyika. Huko maji yako karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, jua ni kali na hewa nyembamba, ndege inaona uvivu kunyanyuka. Zikanyanyuka hata hivyo, na Juni zikaangusha mabomu Kigoma, kwenye bandari ya ile meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Mwezi uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe, ikaibuliwa mwaka 1924, na ndiyo Liemba yetu.

"Vitabuni mtakuta majina ya marubani," akasema. "Sasa niambieni. Yale masanduku ya mabawa, porini kule, nani aliyabeba?"

Kimya. Kisha masanduku yote yakajibu kwa sauti moja: "Wapakiaji!"

Mlinzi wa ukumbi alikuja kuangalia kuna nini. Mjomba akamuuliza, kwa adabu kabisa, sanamu ya mpakiaji iko upande gani, maana ameona ya rubani ana kofia, ana miwani, ana glavu. Mlinzi akasema ataulizia.

Nilidhani tumemaliza. Mvulana wa mwisho akauliza kama Afrika imewahi kurusha roketi. Ningemziba mdomo kama mwalimu asingekuwapo. Mjomba aling'aa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, Waitaliano waliirushia NASA setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kutazama mionzi ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Kwa nini Malindi? Kwa sababu kwenye ikweta dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita kama 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki inapata msukumo huo bure. Na Malindi iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Na Bujumbura? Nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta.

"Kwa hiyo Ngagara," akahitimisha, "inakosa roketi tu."

Nikamkumbusha kwa Kiswahili, ili asiaibike, kwamba Malindi mashariki yake ni bahari, vipande vya roketi vinaangukia maji. Mashariki ya Ngagara ni milima yenye watu na mashamba yao, na baada yake Tanzania.

"Tutawaarifu mapema," akasema, akaendelea na masanduku yake.

Wakati wa kutoka, mlinzi wa mizigo alitoa mfuko wetu, akauliza hao abiria wanaliwaje. Swali kama hilo humuulizi Mrundi ukiwa na haraka. Kitunguu, nyanya, mafuta ya mawese, pilipili usiikate, iache nzima iogelee. Mjomba alimfungia wa kuonja ndani ya ramani ya makumbusho. Mwenzake naye akasogea. Mwalimu wa wale masanduku alikuwa anapita, akapewa kwa ajili ya darasa.

Matonge, mama mdogo aliunyanyua mfuko, akasoma lebo, akaenda jikoni akarudi na mizani. Mshale ukasimama chini ya kilo tatu. Akamtazama kaka yake.

"Kila kinachoruka kinapungua uzito njiani," mjomba akasema. "Ni mafuta yanaungua."