Jinsi ya Kuwinda Msaada wa Serikali Makueni

Msaada wa serikali kwa mkulima upo, ila haupigi hodi. Unawindwa, na mwindaji hodari kwanza hulijua jina la mnyama wake. Huyu wetu ana majina mengi: jana aliitwa NARIGP, leo NAVCDP, na ndugu yake wa tabianchi ni FLLoCA. Herufi zisikubabaishe; ni majina ya miradi tu. Ukifika kwa afisa kilimo wa wadi usiulize, "Mna msaada?" Utaambiwa hakuna, na itakuwa kweli, maana hakuna fungu la pesa lenye jina hilo. Uliza hivi: "Mwaka huu kuna mradi gani wa kuku, wa maembe, wa ndengu? Vikundi vinaandikishwa lini?" Hapo atafungua daftari.

Usikose baraza la chifu. Usajili wa wakulima wa mwaka 2023 ulipitia huko, na mbolea ya ruzuku, iliyoshushwa bei mwaka huo hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50, ilimfikia aliyesajiliwa. Ujumbe huja kwenye simu, ukalipa, ukaenda kuchukua katika ghala la Bodi ya Nafaka au chama cha ushirika. Hakikisha basi kwamba nambari iliyoandikwa ni yako, si ya kijana wako aliye Nairobi. Anza kufuatilia Septemba. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa Ukambani, na mbolea ya kupandia inayofika mahindi yakiwa magotini imechelewa. Tunza risiti na mfuko wenyewe. Mwaka 2024 mbolea duni iliuzwa kupitia mpango huu huu, na asiye na ushahidi hana pa kuanzia kudai.

Peke yako hutanasa mengi, kwa sababu fedha nyingi za miradi hupitia vikundi, ushirika na SACCO. Sheria ya mwaka 2022 inataka kikundi cha kijamii kiwe na watu wasiopungua 10. Mwethya wenu, ule mnaolimiana nao zamu kwa zamu, tayari ni kikundi. Kilichobaki ni katiba, kumbukumbu za mikutano na cheti kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii. Fanyeni hivyo sasa, wakati hakuna mradi wowote uliotangazwa. Kikundi kilichozaliwa wiki ya tangazo hutambulika upesi kuwa kimefuata pesa tu.

Sasa uhifadhi wa udongo, ambao naupenda kuliko yote. Wazee wetu walikuwa na sababu ya kuuogopa. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta, na ilipochukua ng'ombe kwa nguvu mwaka 1938 kwa jina hilo hilo la kuokoa udongo, Wakamba walitembea hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Lakini baada ya uhuru watu wale wale walichimba kwa hiari, kwa sababu waliyaona mavuno. Njia ya fanya juu ni rahisi kueleza: unachimba mtaro kufuata usawa wa mteremko, udongo unautupa upande wa juu, tuta unalipanda nyasi za mifugo. Mvua baada ya mvua, ardhi iliyo kati ya matuta hujisawazisha yenyewe na maji hukaa. Kazi ngumu ni kupima usawa. Mtaro uliopindishwa hukusanya maji mahali pamoja na kufungua korongo. Huo ndio msaada wa kumwomba afisa kilimo: aje na vifaa vyake akupimie mistari, akufundishe. Chimba hata mtaro mmoja kabla hajaja. Mradi ukitafuta shamba la kuonyeshea wengine, utaenda palipokwisha kuanzwa kazi.

Bwawa la mchanga, tanki la shule, miche ya kuziba korongo la kijiji, hivyo huamuliwa katika mikutano ya maoni ya umma na kamati za tabianchi za wadi. Ingia hata kama kiti ni jiwe, nawe mama usikae nyuma, kwani wewe ndiwe unayejua maji yako umbali gani. Mpango wa mwaka wa kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Ombi la kijiji likifika Oktoba, linasubiri mwaka unaofuata. Lipelekeni Julai, likiwa limeandikwa, limetiwa sahihi, na nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokewa.